Shamba la Boazi na waokota chupa

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania. Marufuku hiyo haikugusa chupa za maji na soda. Kila baada ya harusi au mkutano wa injili zinabaki zimetapakaa uwanjani, na mara nyingi anayeziokota ni mama au kijana mwenye kiroba begani, anayelipwa kwa kilo.

Chupa tupu ni nyepesi. Kilo moja ni makumi ya chupa. Kiwandani zinasagwa na kuoshwa. Majini vipande vya vifuniko huelea, vya chupa huzama, na hivyo ndivyo vinavyotenganishwa. Kisha vya chupa huyeyushwa na kuvutwa kuwa nyuzi za nguo au za kujazia mito. Thamani hupanda kila hatua, lakini ya kwanza kabisa ni ya yule mwenye kiroba.

Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni, ili maskini na mgeni wapate. Boazi alikwenda mbali zaidi (Ruthu 2:15-16): aliwaagiza vijana wake wamwachie Ruthu masuke makusudi, tena wasimkemee. Hapo kwenye kukemea ndipo tunapojikwaa. Mlinzi wetu humfukuza mwokotaji getini kama mwizi, halafu chupa zilezile tunazichoma moto nyuma ya kanisa!

Wazee wa kanisa, zungumzeni na mlinzi leo. Nasi tuzimimine chupa zetu na kuzitenga na mabaki ya pilau, maana chupa chafu humshushia bei.