Siafu uani: tuache kiberiti

Mvua zikikolea hapa Gisenyi siafu huingia uani, na wengi wetu hukimbilia mafuta ya taa na kiberiti. Sisi hatuafiki. Abu Dawud amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikuta maskani ya sisimizi yamechomwa, akakataza: adhabu ya moto ni ya Mola peke Yake. Wanaodhuru wanaondoshwa, ila si kwa kuwachoma. Tena watoto wanacheza hapohapo uani!

Siafu ni wapita njia. Mhamishe mtoto mchanga, wafungulie kuku (aliyefungiwa bandani huliwa akiwa hai), mwaga jivu la jikoni kizingitini, kisha subiri. Wakiondoka, mende nao wamekwisha, bila ya kununua dawa.

Sisimizi wa sukari ni kesi nyingine. Hao hufuata harufu waliyoiacha wenzao, basi njia yao ioshwe kwa maji ya sabuni. Lakini nani aliyewaita? Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka umuganda, tunafyeka mtaa mzima, na huku makombo ya wali yamelala nyuma ya jiko letu.