Jumapili Mbili Hiroshima

Miongoni mwa barua zilizoufikia ukurasa huu mwezi huu, ipo moja niliyoiweka kando ya meza kwa siku kadhaa kabla ya kuijibu. Mwandishi wake ni fundi wa karakana, mkazi wa Dar es Salaam. Binti yake amepata nafasi ya mafunzo ya kazi nchini Japani, na atakaa miezi mitatu katika mji wa Higashi-Hiroshima, jirani na Hiroshima yenyewe. Siku za kazi hatakuwa na wasaa; Jumamosi atafua na kupumzika; zitabaki Jumapili. Baba anauliza mambo mawili. La kwanza, binti atembee vipi mjini bila kumaliza fedha zake chache? La pili ni zito zaidi: mama wa binti hataki kabisa mwanawe aingie katika jumba la makumbusho la bomu la atomiki. Asema kuwa mahali pale ni kaburi, na kaburi la watu usiowajua haliendewi kwa matembezi. "Wewe uliyewahi kufika," aniandikia baba, "tuamulie."

Kuamua baina ya mume na mke si kazi ya safu hii. Nitaeleza tu njia zilivyo na niliyoyaona kwa macho yangu, wapime wenyewe.

Kwanza safari. Kutoka stesheni ya Saijo, ambayo ndiyo ya Higashi-Hiroshima mjini, treni ya kawaida ya njia ya Sanyo humfikisha abiria stesheni ya Hiroshima kwa muda wa dakika 40 hivi. Binti asishawishike kupanda shinkansen, ile treni ya mwendo wa kasi, kwa safari fupi kama hii. Nauli yake ni kubwa zaidi, na stesheni yake iko kando, mbali na mji, hata dakika anazoziokoa ndani ya treni atazipoteza akiifuata. Kwa wasomaji wengine watakaokwenda kutoka mbali, shinkansen hutumia saa nne hivi kutoka Tokyo, na saa moja na nusu kutoka Osaka. Tikiti maalumu ya reli wanayouziwa wageni, ambayo zamani ilikuwa nafuu kubwa, ilipandishwa bei mno mwezi Oktoba 1993? La, kalamu imeteleza: ni Oktoba 2023. Kwa hiyo mtu asiinunue kwa mazoea ya kusikia kuwa ni rahisi. Achukue karatasi, ajumlishe nauli za safari zake zote, ndipo aamue. Mwenye mfuko mwembamba na mgongo imara na aulizie mabasi ya usiku, kwani humwokolea na gharama ya kulala hotelini.

Akishafika stesheni ya Hiroshima, binti atakutana na jambo litakalomfurahisha baba yake, kwa kuwa ni mtu wa vyuma. Mji ule hutembea kwa tramu, yaani mabehewa ya umeme yapitayo juu ya reli katikati ya barabara, pamoja na magari mengine. Zilianza kazi mwaka 1912, na hata leo ndizo miguu ya mji. Vitabu vingi vya wageni vilivyochapishwa zamani vinamwelekeza msafiri atoke nje ya stesheni, azitafute tramu uwanjani. Asivifuate. Tangu tarehe 3 Agosti 2025 tramu hupanda juu ya daraja na kuingia ndani ya jengo jipya la stesheni, ghorofa ya pili. Atokapo kwenye treni afuate vibao tu.

Kwenda katikati ya mji, kwenye bustani ya kumbukumbu, apande tramu namba 2 au namba 6, ashuke kituo kiitwacho Genbaku Dome-mae. Nauli ndani ya mji ni moja, uwe unakwenda karibu au mbali, na hulipwa wakati wa kushuka. Hapa ndipo wageni tunapoaibika. Sanduku la nauli lililo karibu na dereva halirudishi chenji. Kando yake ipo mashine ya kuvunja noti kuwa sarafu, lakini haikusudiwi noti kubwa. Mimi nilisimama pale nikiwa na noti ya yen 10,000 mkononi, mstari wa watu nyuma yangu umenyamaza kimya, mpaka bibi mmoja mwenye kikapu akanilipia na kushuka kabla sijajua namna ya kumshukuru. Binti avunje noti zake mapema kwa kununua hata chupa ya maji. Akikusudia kupanda tramu mara nyingi kwa siku, ipo tikiti ya siku nzima, nayo huwa nafuu. Tena ndani ya gari watu hawazungumzi kwa sauti wala hawapokei simu. Akae kama akaavyo mtu mwenye adabu zake nyumbani kwa watu.

Kabla sijaziacha tramu, ipo habari moja yake. Wakati wa vita wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa jeshini, kwa hiyo kampuni ya tramu ilifungua shule ya wasichana, na wasichana hao, wenye umri wa wanafunzi wetu wa sekondari, wakawa makondakta na madereva. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, baadhi yao walikuwa kazini. Siku tatu baadaye, mji ukiwa bado ni jivu, kipande kifupi cha njia kilifunguliwa, na tramu ikatembea tena. Miongoni mwa magari yaliyokumbwa na bomu siku ile, namba 651 na 652 yametengenezwa na kutunzwa miaka yote hii, na huonekana bado barabarani. Hayatembei kila saa, na kuyapanda ni bahati. Baba fundi atapenda kuletewa picha.

Sasa nije kwenye swali la mama.

Mtu anaposhuka kituo kile, jengo la kwanza kulitazama ni gofu lenye kuba la vyuma vitupu. Lilikuwa jumba la maonyesho ya bidhaa za viwanda, lililochorwa na msanifu Jan Letzel, mtu wa Bohemia, likamalizika mwaka 1915. Bomu lilipasuka angani, kiasi cha mita 600 juu, karibu sana na hapo. Nguvu yake ilishuka wima, ndiyo maana baadhi ya kuta zilibaki zimesimama. Waliokuwamo ndani hakusalimika mtu. Hatua chache kutoka hapo ni daraja la Aioi, lenye umbo la herufi T, ambalo marubani walilifanya shabaha yao kwa kuwa lilionekana vizuri kutoka juu. Leo watoto wa shule hulipita kwa baiskeli.

Ng'ambo ya mto ndiyo bustani. Kabla ya bomu haikuwa bustani. Ulikuwa mtaa wa maduka na nyumba za watu. Kufikia mwisho wa mwaka 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Ndani ya bustani kipo kilima kidogo cha nyasi, ambacho mgeni asiyeambiwa atakipita bila kukitazama, na chini yake yamehifadhiwa majivu ya watu wapatao 70,000. Kwa hiyo mama amesema kweli, pale ni kaburi.

Lakini wenyeji hawapafungi kwa sababu hiyo. Hufika, huinama, huweka maua au maji, huenda zao. Nilipowatazama nikaona kuwa hawakuwa wakitembea, walikuwa wakihani. Nasi kuhani tunakujua. Hatuulizi kwanza kama marehemu tulimfahamu. Tunaambiwa kuna msiba mtaa wa pili, tunakwenda. Binti akienda kwa nia hiyo, sioni alichokosea.

Tena msiba ule hauko mbali nasi kama tunavyodhani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima ilitoka Kongo, katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Waliolichimba lile jiwe ni wafanyakazi Waafrika chini ya kampuni ya Kibelgiji, katika nchi ambayo lugha ya kambi za migodi ni hii tunayoandikiana hapa. Hawakuambiwa lakwenda wapi wala la kufanya nini. Ndugu msomaji, mimi nilisimama mbele ya kile kilima nikiwa na jambo hilo kichwani, na sikuweza tena kujiita mgeni.

Kuhusu jumba la makumbusho lenyewe, sitamficha mama: ni zito. Kuna baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto ambaye hakutimiza miaka minne. Baba yake alimzika uani pamoja na baiskeli yake, kwa kuwa hakutaka mtoto alale peke yake. Baada ya miaka 40 akaihamisha mifupa na kuitoa baiskeli kwa makumbusho. Nilikaa kwenye benchi baada ya hapo. Ushauri wangu ni kuwa binti asiende peke yake, afuatane na mwenzake wa mafunzo, na asiende mwisho wa siku akiwa amechoka na njaa. Wenye watoto wadogo wabaki nao nje. Kiingilio ni kidogo. Kwa miaka mingi kimekuwa yen 200 kwa mtu mzima. Ila watu ni wengi mno: katika mwaka wa fedha wa 2024 walizidi milioni mbili kwa mara ya kwanza. Afike asubuhi mlango unapofunguliwa. Akienda msimu wa baridi, ajue kuwa tarehe 30 na 31 Desemba jumba hufungwa.

Akitoka, asikimbilie tramu. Bustani haina kiingilio. Apite kwenye mnara wa watoto, uliosimamishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Sadako Sasaki, aliyefariki kwa saratani ya damu akiwa na umri wa miaka 12, na wenzake wote waliokufa. Korongo wa karatasi wanaoletwa pale na wanafunzi hawahesabiki. Kisha atafute mnara wa Wakorea, ambao wageni wengi huupita. Wakorea wengi walikuwa Hiroshima siku ile, baadhi yao wakiwa wamepelekwa kazi kwa nguvu. Mnara wao ulijengwa mwaka 1970 nje ya bustani, na haukuingizwa ndani hadi mwaka 1999. Hilo nalo ni sehemu ya habari ya mji.

Kama miguu bado ina nguvu, atembee hadi uwanja wa ngome ya kale. Mnara wake ulijengwa upya mwaka 1958 baada ya ule wa asili kuangushwa na bomu, na kwa maoni yangu si wa kuhangaikia. Lakini ndani ya uwanja, mita 740 hivi kutoka lilipopasukia bomu, umesimama mti mmoja uliopona, na mti huo ni mkaratusi. Ndiyo, mkaratusi huu huu tunaoupanda kando ya barabara na kuukata nguzo. Kibandiko kidogo kinautambulisha. Kuutazama ni bure.

Hiyo ni Jumapili ya kwanza. Ya pili aende kisiwa cha Miyajima, na hapa mtoto wa pwani atawashinda wengi kwa akili. Mbele ya hekalu la Itsukushima lipo lango kubwa jekundu lililosimama baharini, lenye kimo cha zaidi ya mita 16, la tangu mwaka 1875. Maji yakijaa, lango na hekalu huonekana kama vinaelea. Yakipwa, mtu huenda kwa miguu mchangani hadi chini ya nguzo zake. Wageni wengi hufika saa yoyote, wakalalamika kuwa picha haikufanana na ile ya kitabuni. Binti atazame jedwali la maji kabla ya kuondoka, achague kufika wakati wa kupwa akae mpaka wa kujaa, apate yote mawili kwa nauli moja.

Tramu namba 2 huenda hadi Miyajimaguchi, lakini hutumia zaidi ya saa nzima. Treni ya Sanyo hutumia nusu saa tu. Akitokea Saijo, treni ndiyo akili. Kutoka hapo pantoni huvuka kwa dakika kumi, na tangu Oktoba 2023 kila mgeni hutozwa yen 100 za kodi ya kisiwa. Paa wanaotembea mitaani hawana woga, watamnyang'anya hata tikiti ya karatasi mkononi, haruhusiwi kuwalisha.

Chakula cha sifa cha Hiroshima ni okonomiyaki: chapati nyembamba ya unga, juu yake rundo la kabichi, tambi na yai, vyote vikikaangwa mbele ya macho yako juu ya bamba la chuma. Kinashibisha na si ghali. Lakini aghalabu hutiwa nyama ya nguruwe. Kwa asiyeila, maneno ya kukariri ni haya: butaniku nuki de. Na kwa kuwa bamba ni moja kwa wateja wote, mwenye kujihadhari zaidi na ale chaza wa kuokwa kule kisiwani, ambao ndio biashara kubwa ya ghuba ile, na hunoga zaidi majira ya baridi.

Zawadi asinunue stesheni. Miyajima ni mashuhuri kwa miiko ya mbao ya kupakulia wali. Ni myepesi, haivunjiki sandukuni, na midogo yake bei yake si ya kutisha. Ampelekee mama mmoja.