Tunakatwa Bima, Tunanyimwa Kinga

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hii kila mzee wa Kenya aijua, lakini wanaotutawala wanajifanya hawajapata kuisikia.

Tangu Oktoba 2024 kila mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Asiye na mshahara hutozwa kwa kadiri ya mapato ya nyumba yake, wala hapungukiwi na shilingi 300 kwa mwezi. Hakuna anayeulizwa kama anataka. Mvuta sigara hukatwa sawa na asiyevuta, kisha hutozwa ushuru juu ya kila sigara anayoiwasha. Serikali imetia mkono katika mifuko yake yote miwili. Twauliza: siku mtu huyo anapoamua kuacha, anarudishiwa nini?

Akipatikana na saratani, bima ina jibu. Mpango huu ulipoanza, uliruhusu hadi shilingi 400,000 kwa kila familia kwa mwaka kwa matibabu ya saratani, na nyongeza ya shilingi 150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu. Hatuzilalamikii fedha hizo. Wagonjwa wanazistahili, na zaidi. Tunalalamika kwamba mtu huyo huyo, miaka kumi kabla ya kuugua, akiingia zahanati na kusema, "Daktari, nisaidie niache," mara nyingi huambiwa ajikaze. Akitaka plasta au chingamu ya nikotini, huelekezwa kwenye duka la dawa akanunue kwa fedha zake.

Tusiambiwe kwamba haya ni madai mapya. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, na kifungu cha 14 cha mkataba huo kinazitaka serikali ziwasaidie watu kuacha. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 iliunda hazina maalumu, na miongoni mwa kazi zake ni kukuza mipango ya kuwasaidia watu kuacha tumbaku. Kanuni za 2014 zikawaamuru watengenezaji na waagizaji kuichangia asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kila mwaka. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilikwenda mahakamani kuzipinga. Ilishindwa katika Mahakama Kuu mwaka 2016, ikashindwa katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaufunga mlango. Juu ya hayo yote, kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Haki imeandikwa na fedha zimeamriwa. Kilichokosekana ni nia.

Wapo watakaosema: aliyejitakia na ajilipie. Sisi twajibu kwamba nikotini hufunga, na wengi hufungwa wangali vijana, kwa sigara moja moja zinazouzwa vibandani ingawa sheria inakataza. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikadiria kwamba watu wazima milioni 2.5 nchini walitumia tumbaku. Hao si wageni. Ni baba zetu, ndugu zetu na majirani zetu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba dawa pamoja na ushauri huweza kuzidisha maradufu uwezekano wa mtu kufaulu kuacha. Kumwambia ajikaze, hali dawa ipo, ni ukatili.

Wala si kweli kwamba ni hasara. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, bima ya umma ya watu wa kipato kidogo ilianza kulipia dawa na ushauri mwaka 2006. Katika muda wa miaka miwili na nusu hivi, idadi ya wavutaji miongoni mwa wanachama wake ilishuka kutoka asilimia 38 hadi 28. Watafiti walikadiria kwamba kila dola iliyotumika iliokoa takriban dola tatu za gharama za hospitali kwa maradhi ya moyo.

Nasi wa makanisani tujihukumu. Tumemnyoshea mvutaji kidole, tukamwita mdhambi, tukamwacha mlangoni. Hatukuuliza ni nani anayemuuzia, wala ni nani anayekula ushuru wake.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, msaada wa kuacha tumbaku uandikwe kwa jina lake katika orodha ya huduma za bima, usifichwe ndani ya maneno ya jumla. Pili, dawa zake zipatikane katika zahanati na vituo vya afya bila malipo. Tatu, hesabu za Hazina ya Kudhibiti Tumbaku zisomwe hadharani kila mwaka: nani amelipa, kiasi gani, na zimefanya kazi gani.

Ndugu wasomaji, mwulizeni mbunge wenu maswali haya atakapokuja mkutanoni, wala msimwachilie mpaka ajibu. Tumekwisha kulipa. Hatuombi sadaka, tunadai kilicho chetu.