Redio ilivyofanya wanakijiji wachimbe vyoo

Mwaka 1973, katika vijiji vingi vya Tanzania, watu wazima walikutana kila wiki kuizunguka redio moja. Hawakufuata muziki wala mpira. Walifuata somo la afya, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya.

Utangazaji nchini ulikuwa bado mchanga. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikisikika mjini na maeneo ya jirani tu. Mwaka 1956 likaanza Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Redio ilipofika vijijini, mara nyingi moja ilisikilizwa na nyumba kadhaa.

Mtu ni Afya iliendeshwa kwa wiki 12, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Walijifunza kuhusu malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu.

Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa lakini watu hawakuondoka. Mmoja wao alisoma kijitabu cha somo kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma asiachwe nyuma. Kisha wakajadili hali ya kijiji chao na kukubaliana la kufanya: kufukia madimbwi, kufyeka majani, kuchimba vyoo. Kampeni ilipomalizika, vyoo vilivyochimbwa vilihesabika kwa mamia ya maelfu.

Leo ujumbe wa afya unafika kwa mzazi kwenye simu, tena mwingi kuliko enzi ya RTD. Mara nyingi husomwa, hutumwa kundi jingine, na hapo ndipo safari yake huishia. Wakati huohuo, kuhara bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka 5 duniani.

Familia inaweza kuiga vikundi vile kwa dakika chache kila wiki:

• Chagueni mada moja, kwa mfano kunawa mikono kwa sabuni.

• Msikilize au msome pamoja, watoto wakiwemo, na waulize maswali.

• Penye shaka, muulizeni mhudumu wa afya kabla ya kusambaza.

• Kubalianeni jambo moja la kufanya, kama kuweka maji na sabuni karibu na choo.

• Wiki ijayo, mtoto ndiye aulize kama limefanyika.