Kuondoa Kivinjari na Masazo Yake



Wifi yangu alimpa kijana wa jirani kompyuta yake ya zamani ili imfae chuoni. Kabla ya kuitoa aliipangusa vumbi, akafuta picha za arusi, na ile alama ya kivinjari iliyokuwa juu ya kioo akaitupa katika pipa la taka la kompyuta. Akaamini kwamba hakuacha kitu. Siku ya tatu kijana akabisha hodi, macho yake chini. "Mama, nimefungua intaneti na barua zako zimejitokeza zote. Sikuzisoma, lakini nimeona ni haki yako kujua."

Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Lau ingemwangukia mwingine, maneno ya siri ya benki na ya chama cha akina mama, ambacho wifi yangu ndiye mweka hazina wake, yangalikuwa mikononi mwa mgeni.

Kosa lake hufanywa na wengi wetu. Alama ile ni mfano wa kibao cha duka: ukikitoa, duka lingali pale na bidhaa zake. Kivinjari kina sehemu tatu: alama, programu yenyewe, na akiba yake, yaani maneno ya siri, kurasa ulizozitembelea na anwani ulizoziweka. Asiyeondoa zote tatu hajakiondoa.

Katika kompyuta ya Windows, anza kwa kutoka katika akaunti yako ndani ya kivinjari, kisha ukifunge. Nenda palipoandikwa Settings, halafu Apps, utafute jina lake katika orodha, na ubonyeze Uninstall. Chrome ikiondolewa huuliza kama ungependa kufuta na data yako ya matumizi. Weka tiki katika kisanduku hicho, kwani ukikipita akiba yako itabaki.

Firefox ina desturi nyingine. Programu huondoka, lakini folda ya akiba husalia kwa makusudi, ili atakayeirudisha aikute mali yake. Hii ni hisani kwa mwenye kompyuta, na ni hatari kwa anayeigawa. Kuiondoa, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R. Katika kisanduku kitakachotokea andika %APPDATA%\Mozilla, kisha ubonyeze Enter. Utaiona folda iitwayo Firefox, ifute. Rudia vivyo hivyo kwa %LOCALAPPDATA%\Mozilla, na mwisho umwage pipa la taka. Ikiwa baba, mama na watoto kila mmoja huingia kwa jina lake, basi kila mmoja ana folda yake, na kazi hiyo ifanywe kwa kila jina.

Edge huja pamoja na Windows, na kwetu kwa kawaida haikubali kuondolewa. Hiyo itoshe kutoka katika akaunti na kufuta kumbukumbu zake zote, pamoja na maneno ya siri.

Lakini usikimbilie kufuta. Folda ikishaondoka pamoja na taka yake, si rahisi kuirudisha. Kwanza nakili maneno ya siri unayoyahitaji katika daftari litakalofungiwa kabatini, na uwaulize walio nyumbani kama wana chao humo. Kazi ya shule ya mtoto isipotee kwa sababu ya haraka ya mzazi.

Na ikiwa kompyuta yenyewe inatoka nyumbani, kuuzwa au kutolewa sadaka, kuondoa kivinjari peke yake hakutoshi. Weka kando mafaili yenu, kisha chini ya Settings utafute Recovery, uchague Reset this PC, na ndani yake Remove everything. Kompyuta itaanza upya, bila yenu ndani yake.

Wifi yangu alibadilisha maneno yake yote ya siri usiku uleule, kisha akaketi na yule kijana wakaisafisha kompyuta pamoja. Siri za nyumba na fedha za watu ni amana. Hatuachi sanduku wazi barazani kwa kutumaini kwamba kila apitaye ni mwaminifu. Basi na kompyuta tuifunge vivyo hivyo.