Hatulipi nyumba ili ituangukie

Ndugu wapangaji wa Bukavu, na ninyi wenye nyumba munaotusoma,

Kuna etaje moja katika komini ya Kadutu. Avenyu yake hatuitaji leo, kwa sababu familia nane zinazoishi mule zimetuomba tungoje kidogo, na tunaheshimu ombi lao. Lakini tumeingia ndani na tumeona kwa macho yetu. Ukuta wa ngazi umepasuka kutoka chini mpaka juu, na ndani ya ule ufa vidole vitatu vinaingia bila shida. Fosi septiki imejaa tangu mwanzo wa mvua. Mvua ikinyesha, uchafu unarudi juu na kuingia mahali pa kuogea pa familia ya chini, na pale kuna mutoto wa miezi minne. Nyaya za umeme zinapita ndani ya plafoni inayovuja. Usiku, SNEL wakirudisha umeme, mama mumoja anaamka kwenda kugusa ukuta kama una joto. Anafanya vile kila mara. Bukavu tunajua namna moto unakula nyumba moja, ya pili, ya kumi, mbele ya watu kupata maji ya kuuzima. Kwa hiyo asitokee mutu wa kusema mama huyu anazidisha.

Familia hizi zote zinalipa. Tumeangalia risiti za wale wenye kupewa risiti, na wale wasiopewa, majirani wanashuhudia. Shida yao waliipeleka mara ya kwanza kwa simu, mara ya pili kupitia mudogo wa mwenye nyumba anayepita kila mwisho wa mwezi kuchukua feza, mara ya tatu kwa barua iliyosainiwa na wote nane. Jibu lilikuja kwa mudomo, pale kwenye ngazi, karibu na ule ufa: "Kama haiwapendeze, mutoke. Wengine bako banangoja."

Hili jibu kila mupangaji wa muji huu amelisikia. Limekuwa kama sheria. Mabati yakivuja, toka. Choo kikijaa, toka. Ukiuliza garanti yako, toka, na garanti utaisahau. Na sisi tumezoea kuinamisha kichwa na kusema "nyumba ni yake, tufanye nini?"

Nyumba ni yake, ndiyo. Hatujamunyanganya mutu parsele. Lakini siku ile alipokea garanti na feza ya mwezi wa kwanza, aliuza kitu. Aliuza haki ya kukaa mule kwa amani, na mutu akiuza kitu anakuwa na deni mpaka akitoe. Hatusemi haya kutoka kichwani mwetu. Dekrete ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ingali inatumika katika nchi hii, inamupa mwenye nyumba kazi tatu: kutoa nyumba, kuitunza ibaki katika hali ya kukaliwa, na kumuacha mupangaji aikae kwa utulivu. Hata kama yule mwenye nyumba hakujua kasoro ilikuwepo siku ya kupangisha, anaijibia. Na nyumba ikianguka kwa sababu haikutunzwa au ilijengwa vibaya, hasara ni juu yake mwenyewe. Ni sheria ya zamani sana, ya wakati wa wazungu, na hata wazungu wale, ambao hawakutupenda, waliona mambo haya hayahitaji mabishano. Na Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 48, inasema haki ya makao yenye heshima, ya maji safi na ya umeme inalindwa.

Kuna mwenye nyumba atatuambia: "Matengenezo madogo ni ya mupangaji." Ni kweli. Kioo kikivunjwa na mutoto wako, ulipe. Kufuli ikiharibika mukononi mwako, ulipe. Lakini ufa wa ukuta unaobeba etaje nzima ni matengenezo madogo? Mama anayeuza mboga Kadutu njo atasimamisha nguzo ya beto? Fosi ya familia nane, familia moja ya chini njo itaitapisha, kwa sababu tu bahati mbaya imewapa kukaa chini? Watu wa Bukavu, tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitetemeka hapa na kuta zilianguka juu ya watu. Kila mutu mwenye umri wa kukumbuka anajua ukuta uliopasuka unangoja nini. Tunajenga juu ya milima, udongo unateremuka, mvua ni nyingi. Katika muji kama huu, mwenye kukuambia "huo ufa ni wa zamani, usiogope" anakuambia kwamba hatari imekaa muda murefu bila kushughulikiwa.

Sasa tuseme ile isiyosemwa. Kwa nini kontra nyingi ni za mudomo? Kwa nini ukiomba risiti, uso unabadilika? Mwenye nyumba anapashwa kulipa jimbo kodi juu ya feza anayopata katika kupangisha, ile inaitwa IRL. Karatasi inaonyesha feza, na feza inaonyesha kodi. Basi karatasi haiandikwi, na mwenye kuumia ni wewe mupangaji, kwa sababu siku ya ugomvi hauna hata mustari mumoja wa kuonyesha kwamba unakaa pale, tangu lini, na kwa bei gani. Serikali inapoteza kodi yake, wewe unapoteza sauti yako. Na huyo huyo anayekimbia kodi atakuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba barabara ya kwake ina mashimo.

Halafu garanti. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba imeweka kikomo: nyumba ya kukaa, garanti haipite miezi mitatu. Hapa kwetu wanaomba sita, wengine wanafika kumi, na juu yake komisioneri anakata ya kwake, mutu ambaye kazi yake yote ilikuwa kukufungulia mulango na kukuambia maji yanakuja kila siku. (Yanakuja kila siku, ndiyo, kwenye bido, juu ya mugongo wa mutoto wako.) Ile garanti ni amana. Inabaki yako mpaka siku ya kutoka, na mwenye nyumba anakata tu kile unachodaiwa. Lakini wangapi wameirudishwa? Mupangaji anatoka, mwenye nyumba anasema nimeikula, ngoja mwingine aingie nikulipe na ya kwake. Yaani mupangaji mupya analipa mupangaji wa zamani, na nyumba haijapata hata mufuko mumoja wa sima.

Tunajua kuna wenye nyumba wa namna nyingine. Tunajua mama mujane ambaye vyumba viwili vya mabao njo vinasomesha watoto wake, na mwenye anakuja mwenyewe na fundi siku mabati yanapotoboka. Wapo, na tunawasalimu. Hawa hatuwapigi jiwe. Tena wapo wapangaji wanaokaa mwaka muzima bila kulipa na kutoka usiku na milango. Hao pia hatuwabebi. Lakini yule wa etaje ya Kadutu si mujane. Anajenga nyumba nyingine sasa hivi, na simenti ya kule inatoka katika mifuko ya familia nane zinazolala kando ya ufa. Vijana wetu wamepita, wamehesabu mifuko.

Na viongozi wako wapi? Familia zilienda kwa shefu wa kartye. Aliwaambia "mwende mukaelewane." Kuelewana na nani? Na mutu anayekataa kufungua simu? Baada ya siku chache, polisi wawili walifika kwenye ngazi kuuliza "nani anachochea watu hapa." Tuwaambie wazi hao polisi, na wakubwa wao: ugomvi wa nyumba si kosa la jinai. Polisi hana ruhusa ya kutoa mutu ndani ya nyumba kwa sababu mwenye nyumba amemununulia bia. Katiba, kifungu cha 29, inasema makao ya mutu hayaingiliwi ovyo. Kumutoa mupangaji kunapitia hukumu ya mahakama na huissier wa kuitekeleza. Na kabla ya hapo kuna preavi, taarifa ya maandishi. Kuamua leo na kumwaga vitu inje kesho ni uvunjaji wa sheria. Vilevile kukata umeme, kuondoa mabati au kufunga choo ili mutu achoke atoke mwenyewe. Tumeona haya yote Bukavu. Waliotendewa walidhani ni bahati mbaya yao tu.

Kati yetu kumekuwa mabishano makali juu ya jambo moja, na tunataka mulijue. Vijana wengi walisema: familia nane ziache kulipa, mwezi huu, mwezi ujao, mpaka fosi itapishwe. Tunaelewa hasira hiyo. Lakini hatuwashauri vile, na sababu yake si woga. Siku unaacha kulipa peke yako bila uamuzi wa mahakama, unamupa mwenye nyumba silaha aliyokuwa hana. Kesho atasimama mbele ya jaji na hatazungumuzia ufa hata kidogo. Atasema "huyu ana deni la miezi mitatu," na wewe utakuwa umemusaidia. Kwa hiyo familia zitalipa, lakini zitalipa siku moja, pamoja, mbele ya mashahidi, na kila moja itaomba risiti. Akikataa kutoa risiti, kukataa kwake kutaandikwa na kusainiwa na mashahidi hao. Vilevile, usitengeneze kwa feza yako ukitumaini atakukatia mwezi ujao, kama hajakubali kwa maandishi. Papa mumoja wa etaje ile alibadilisha nyaya za chumba chake mwaka jana kwa feza yake. Mwenye nyumba alimuambia asante, na akapandisha bei, eti chumba kimekuwa kizuri.

Njia ya sheria ni ndefu na inachosha, lakini ipo, na mwenye nyumba anategemea sana kwamba hauijui. Barua iandikwe na kopi mbili, moja ibaki kwako ikiwa na saini na tarehe ya kupokelewa. Picha zipigwe, za ufa, za fosi, za plafoni, na zipigwe tena kila wiki ili ionekane namna hali inaendelea. Kisha ni biro ya Habitat, huduma ya serikali inayoshugulikia makao. Kule ndiko ugomvi wa mupangaji na mwenye nyumba unapita kwanza ili watu wapatanishwe. Wakishindwa kupatanishwa, Habitat inaandika PV ya kutopatana, na kwa PV ile mulango wa mahakama unafunguka. Mukienda mahakamani moja kwa moja bila kupita kule, munaweza kurudishwa hata kama haki ni yenu. Wengi wamerudishwa vile, wakafikiri jaji amenunuliwa. Pengine alinunuliwa, hatukatai, lakini musimupe sababu ya bure.

Kwa wakubwa wa Habitat tunasema hivi: kazi yenu isiwe tu kuuza fomu za kontra na kupiga muhuri. Tokeni katika biro. Mupande ngazi ya Kadutu, muweke vidole vyenu ndani ya ule ufa, na muandike kile mutaona. Kama nyumba haifai kukaliwa, semeni kwa maandishi kwamba haifai, na museme pia familia zitakaa wapi wakati wa matengenezo na kwa gharama ya nani. Kwa sababu tunajua mchezo mwingine: "nyumba ni hatari, watu watoke," watu wanatoka, ukuta unapakwa rangi, na wapangaji wapya wanaingia kwa bei ya juu. Hilo hatutalikubali. Kutoa watu ndani ya hatari na kuwatupa barabarani bila garanti yao ni kubadilisha hatari tu.

Kwako, muzee mwenye etaje. Jina lako tunalijua na hatujaliandika. Barua ya pili itakufikia wiki hii, safari hii na kopi kwa shefu wa kartye, kwa Habitat na kwa avoka aliyekubali kutusaidia bila malipo. Inaomba vitu vitatu: fosi itapishwe mara moja, nyaya ziangaliwe na fundi wa umeme anayejulikana, na mutu mwenye ujuzi wa majengo aangalie ukuta na atoe karatasi. Una siku kumi na tano. Ukija kuzungumuza, utapokelewa kwa heshima, chai itakuwepo. Ukituma polisi tena, tutakuwa kwenye ngazi pamoja na familia, tumekaa chini, mikono mitupu, na kila kitu kitapigwa picha.

Siku ya kumi na sita, Muzee akiwa amenyamaza, tutapeleka faili Habitat pamoja na familia zote nane, asubuhi, saa mbili na nusu. Wapangaji wengine wenye shida kama hii waje na risiti zao, kontra kama wanayo, picha, na kopi ya barua walizoandika. Wasio na risiti waje na jirani mumoja anayekubali kusaini.