Spika za kompyuta zikinyamaza, usikimbilie dukani

Mpenzi msomaji, wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Msemo huo niliukumbuka likizo ya Agosti nikiwa nyumbani kwa jirani yangu hapa Nairobi, ambako spika mbili za kompyuta nusura zimkosanishe mama na mwanawe.

Jirani huyo ana watoto wawili. Binti yuko chuoni akisomea Kifaransa, na kijana yuko shule ya upili. Kompyuta ni moja tu, ya mezani, nayo hutumiwa na wote. Ijumaa moja jioni binti alifungua masomo ya kusikiliza yaliyorekodiwa na walimu wake, kwani alikuwa na mtihani Jumatatu. Kimya! Hakusikia hata mkwaruzo.

Lawama zote zilimwangukia kijana. Kwani si yeye aliyekuwa akipiga muziki hadi madirisha yakatetemeka? "Mama, si mimi," alijitetea, lakini hakuna aliyemsikiliza. Alipigwa marufuku kuigusa kompyuta hadi shule zifunguliwe. Kesho yake mama alichukua pesa alizokuwa amewekea chama, akashuka mjini na kununua spika mpya. Alipozichomeka, nazo pia zikanyamaza! Hapo ndipo aliponibishia mlango. "Dada, hebu njoo uone maajabu."

Msomaji, spika mpya zikinyamaza kama zile za zamani, ni dhahiri kwamba kasoro iko kwingine. Mama huyo alikuwa amelipa pesa nyingi ili kujua jambo ambalo angelijua bure.

Fahamu kwamba sauti ya kompyuta husafiri. Huanzia katika programu inayocheza wimbo au somo, ikapitia mipangilio ya kompyuta, ikatokea kwenye tundu dogo, ikafuata waya hadi kwenye spika, na huko stima huipa nguvu ya kusikika. Njia hiyo ikikatika mahali popote, utapata kimya kile kile. Kwa hivyo usibahatishe. Ifuate njia hiyo hatua kwa hatua, ukianza na mambo yasiyo na gharama.

Kwanza ni stima. Je, taa ndogo ya spika inawaka? Kama haiwaki, angalia swichi ya ukutani, kisha ile ya spika yenyewe, ambayo mara nyingi iko pamoja na kidude cha kuzungusha cha kuongeza sauti. Spika nyingi ndogo za siku hizi hupata stima kutoka kwa kompyuta kupitia waya wa USB, na waya huo ukilegea taa huzima. Zile za plagi ya pini tatu huenda zimeunguza fyuzi. Ng'oa plagi ukutani kabla ya kuifungua, na uhakikishe kwamba fyuzi mpya ni ya kiwango sawa na ile ya zamani. Lakini spika zenyewe usizifungue, kwa maana ndani yake mna sehemu zinazoweza kubaki na umeme hata baada ya kuzimwa.

Pili, zijaribu spika kwenye chombo kingine. Chomoa ule waya mwembamba wa sauti kutoka kwenye kompyuta, uchomeke kwenye simu au redio iliyo na tundu la hedifoni, kisha upige wimbo. Zikilia, spika ni nzima na shida iko kwenye kompyuta. Zikikataa ilhali taa inawaka, tikisa waya polepole karibu na plagi. Iwapo sauti inakuja na kupotea, huenda waya umekatikia ndani, na hiyo ni kazi ndogo kwa fundi. Nilipofanya hivyo kwa zile spika za zamani, zililia vizuri kabisa. Kijana alikuwa amesimama mlangoni akitutazama, lakini hakusema neno.

Tatu ni tundu. Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani kuna matundu madogo matatu yanayofanana kwa ukubwa. La kijani ni la spika, la waridi ni la maikrofoni, na la buluu ni la kuingiza sauti kutoka chombo kingine. Rangi hizi ziliwekwa katika mwongozo wa watengenezaji kompyuta ulioitwa PC 99, uliotolewa na kampuni za Intel na Microsoft. Mtu anayefagia nyuma ya meza anaweza kuchomoa waya, akaurudisha kwenye tundu la waridi bila kujua. Plagi itaingia bila taabu, lakini sauti haitatoka. Isitoshe, isukume plagi hadi mwisho, kwani ikiingia nusu huenda usisikie kitu.

Nne ni kiwango cha sauti. Kwa wanaotumia Windows, kuna alama ndogo ya spika kwenye pembe ya chini upande wa kulia wa skrini. Ikiwa imetiwa msalaba, sauti imefungwa. Ibofye, uifungue sauti na kuipandisha. Kumbuka pia kwamba programu nyingi za kucheza muziki na video zina kiwango chake zenyewe. Jaribu wimbo mwingine katika programu nyingine kabla ya kuilaumu kompyuta nzima.

Tano, uliza kompyuta inapeleka sauti wapi. Hapa ndipo tulipomkamata mwizi wetu! Juma lililotangulia, mama alikuwa amenunua skrini kubwa iliyotumika, akaiunganisha kwa waya wa HDMI. Waya huo hubeba picha na sauti pamoja. Kompyuta ilidhani imepata spika mpya, ikaanza kupeleka sauti kwenye skrini ambayo haina spika hata moja. Nilibofya ile alama ya spika kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikafungua mipangilio ya sauti, na mahali pa kutolea sauti nikachagua spika badala ya jina la skrini. Papo hapo mwalimu wa Kifaransa akaanza kuzungumza, na binti akakimbilia kalamu na daftari. Hedifoni za Bluetooth nazo zina mchezo huo huo. Zinaweza kuwa zimesahauliwa mkobani zikiwa zimewashwa, huku wewe ukihangaika na spika mezani.

Hayo yote yakishindikana, izime kompyuta na kuiwasha tena. Kama shida ilianza baada ya kompyuta kujisasisha, huenda draiva ya sauti imeharibika. Hiyo ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na chombo chake cha sauti. Itafute kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza kompyuta yako, wala si mahali popote tu. Baada ya hapo ndipo umwone fundi, na umweleze yote uliyojaribu. Atajua mahali pa kuanzia, nawe hutalipia muda wa kutafuta.

Basi mama yule aliketi akatafakari kwa muda. Ni yeye mwenyewe aliyeunganisha skrini ile. Akamwita kijana, akamwambia mbele yetu, "Mwanangu, nilikuonea. Nisamehe." Kijana aliinamisha kichwa, kisha akatabasamu. Duka nalo lilikataa kuzichukua spika mpya, kwa sababu risiti ilisema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Pesa za chama zilikuwa zimekwenda.

Mzazi mwenzangu, pesa hutafutwa tena. Lakini mtoto aliyeadhibiwa kwa kosa lisilo lake hukumbuka kwa miaka mingi, hasa mzazi akiona haya kuomba msamaha. Kitu kikiharibika nyumbani, chunguza kwanza. Na ukimwita mtoto, mwite akusaidie kuchunguza. Huenda anaijua kompyuta hiyo kukushinda.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.